Nani amepewa kazi ya kulinda macho ya mwenzake?

Swali la kuangalia filamu, kwamba ni halali au haramu, sisi walimu wa somo la dini tunaulizwa kila muhula, na kila muhula tunalijibu kwa haraka. Wengine wetu tunasema haramu, tunafunga kitabu. Wengine tunasema inategemea, tunafunga kitabu vilevile. Katika makala haya sikusudii kurudia hukumu hiyo. Wanazuoni wameizungumza tangu zamani, na Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia 1914 hadi 1920, aliandika risala nzima kuhalalisha picha ya kamera, wengine wakampinga. Nataka tuliangalie swali lililo nyuma ya hilo: nani ana haki ya kumwambia mtu mwingine "hiki usikione", na kwa sharti gani? Mkoa wetu wa Tanga una historia yake katika jambo hili, na vijana wetu hawasomeshwi.

Mwaka 1935, huko Vugiri, katika milima ya Usambara juu ya Korogwe, ulianzishwa mradi wa kutengeneza sinema kwa ajili ya Waafrika. Uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, yaani jaribio la kuwaelimisha Wabantu kwa sinema. Ulikuwa chini ya Baraza la Kimataifa la Wamishenari, fedha nyingi zikatoka shirika la Carnegie la Marekani, na Wizara ya Makoloni ya London ikauunga mkono. Hadi ulipofungwa mwaka 1937 ulikuwa umetengeneza filamu 35. Zilihusu safura, mmomonyoko wa udongo, kilimo, kodi, na faida ya kuweka akiba posta. Sauti haikuwa ndani ya mkanda. Ilirekodiwa kando katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Afrika Mashariki na Kati, kisha santuri ikazungushwa wakati picha inapita. Kwa hiyo filamu moja ikisema Kiswahili huku, ikienda kwingine inabadilishiwa sahani inasema lugha ya huko. Waliowahi kukaa katika vibanda vya video, mtafsiri akisimulia kwa Kiswahili juu ya maneno ya Wachina, wataona kwamba ufundi ule haukuwa mgeni kwetu.

Hapana shaka kwamba baadhi ya filamu hizo zilikuwa na manufaa. Safura ni maradhi ya kweli katika mwambao huu, na mtu akifundishwa kuchimba choo hajadhulumiwa. Lakini tuichukue ile ya akiba. Vibarua wawili wa shamba wanapokea mshahara. Mmoja anachimbia fedha zake chini ya sakafu ya kibanda, mwizi anamwona, anazichukua. Mwenzake anakwenda posta, zake zinasalimika. Somo limekwisha. Sasa chukua Muislamu wa Pangani au Muheza aliyekaa mbele ya kitambaa kile. Hana ugomvi na usalama wa fedha. Ana swali moja tu: hiyo nyongeza inayotolewa na benki ya posta juu ya akiba yangu, si riba? Sahani ya santuri haina pa kuulizwa. Imeandaliwa na watu waliokwisha amua kwamba anayetazama ana ujinga wa kuondolewa. Kwamba anaweza kuwa na elimu yake na hoja yake, hilo halikuingia katika hesabu.

Nani alibuni jambo hili? Meja L. A. Notcutt, aliyeongoza kazi pale Vugiri, aliwahi kuwa meneja wa mashamba ya mkonge Afrika Mashariki katika miaka ya 1920. Yeye mwenyewe ameeleza katika kitabu alichokitoa pamoja na G. C. Latham mwaka 1937 kwamba wazo la sinema lilimjia kule shambani, kama njia ya kuwafanya vibarua wawe radhi na kazi. Ndugu msomaji, wewe wa Tanga unajua mkonge ni nini. Unajua manamba waliletwa kutoka wapi na walilala katika nyumba za namna gani. Mtu anaona vibarua hawana furaha, na dawa inayomjia ni picha ya jioni.

Nimelitaja hili kwa sababu linagusa namna tunavyopima. Mizani yetu ya filamu imekuwa moja: kuna uchi au hakuna? Ikiwa hakuna uchi, tunaipitisha. Kwa mizani hiyo sinema ya shambani ingepita bila tatizo, maana hapakuwa na uchi ndani yake. Madhara yake, kama yalikuwapo, yalikaa katika nia ya aliyeileta: kumburudisha mtu ili asiulize. Leo kijana wa Ngamiani anaangalia mpira kwenye simu, na kila baada ya dakika chache linamjia tangazo la kubeti, watu wamevaa vizuri, wanacheka, wanaahidiwa mamilioni. Mwili wote umesitiriwa. Na kamari imetajwa ndani ya Qur'ani pamoja na ulevi! Nimewahi kusikia khutba nyingi juu ya nguo za waigizaji, na juu ya matangazo haya nimesikia chache sana.

Turudi miaka ile ya 1930. Wakati Vugiri wanatengeneza filamu za kumfundisha Mwafrika, kulikuwa na sinema nyingine iliyokuwa ikiingia kwa mlango wa bandari. Mwaka 1931 Alam Ara, filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, ilioneshwa Bombay, na baada yake picha za Kihindi za kusema na kuimba zikaanza kuvuka bahari kufuata njia zilezile za biashara. Wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi ndio waliojenga na kuendesha sehemu kubwa ya majumba ya sinema katika miji yetu ya pwani. Wazee wa Tanga hadi leo wanakutajia Majestic, Novelty na Regal. Hapo mtu alilipa kwa fedha yake na hakuna aliyemwita kufundishwa.

Na hapa ndipo hoja ya mkoloni ilipovunjika. Kitengo cha Filamu cha Makoloni kilipoundwa mwaka 1939 chini ya William Sellers, kilishika kanuni kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha inayokwenda haraka. Lazima apewe picha za polepole, jambo moja moja, kama mtoto. Maneno hayo yaliandikwa na kusomwa kama elimu. Lakini watu wa mwambao waliingia kuangalia filamu ya Kihindi ya saa tatu, yenye nyimbo, mafumbo na ndugu waliopotezana, katika lugha wasiyoijua, wakatoka nje wakisimuliana kisa chote. Zaidi ya hivyo, walizichukua sauti za nyimbo zile wakatia maneno yao ya Kiswahili. Taarabu ya Tanga na Mombasa ina nyimbo nyingi za namna hiyo. Huyo ndiye aliyesemwa hawezi kufuata picha.

Ukaja na ukaguzi. Katika makoloni kadhaa ya Kiingereza, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini yakiwemo, filamu moja iliweza kuruhusiwa kwa Wazungu na kuzuiwa kwa Waafrika. Waliogopa nini? Waliogopa Mwafrika amwone mwanamke wa Kizungu hana stara, au Mzungu anaiba, anapigwa, anadhalilika. Lau wangechelea maadili ya mtazamaji, wangeizuia kwa wote, kwani macho ya Mzungu nayo ni macho. Walichelea heshima yao mbele ya wanaowatawala.

Linganisha na mafundisho yetu. Amri ya kuinamisha macho katika Surat Nur, aya ya 30 na 31, imeanza kwa waumini wanaume, kisha wanawake. Haikuacha kundi la wakaguzi waliosamehewa. Anayemkataza mwenzake amekatazwa naye pia. Hili ni sharti la kwanza, na kwa hilo peke yake ukaguzi wa mkoloni unaanguka.

Atatokea mtu aseme: basi mwalimu unatuambia tuwaachie watoto waangalie watakacho? La hasha. Mtoto ni mtoto, na mzazi ana amana juu yake. Lakini fiqhi yetu imeweka mpaka: utoto una mwisho. Akibaleghe na ana akili timamu, amri za Mwenyezi Mungu zinamwelekea yeye mwenyewe, na kalamu imeanza kuandika. Utoto aliopewa Mwafrika na mkoloni haukuwa na mwisho. Mtu ana wajukuu bado anachaguliwa picha. Kwa hiyo sharti la pili ni kwamba mtu mzima anastahili kupewa sababu, kwa sababu ndiye atakayeulizwa. Kijana wa kidato cha nne ni mukallaf. Ukimnyang'anya simu bila hoja umemwondolea simu tu, na zipo nyingi mtaani.

Tukizitia kauli zetu wenyewe katika masharti haya mawili, tutaona kwamba nyingi hazipiti. Ni mara ngapi tunakataza kwa kuwa watu wa mtaani watasema nini? Hapo tunacholinda ni jina letu, kama yule mkaguzi alivyolinda heshima ya Mzungu. Zanzibar zamani kulikuwa na maonyesho ya sinema ya wanawake peke yao, ili waliokaa ndani nao waone bila kuchanganyika na wanaume. Unaweza kuyapinga kwa yaliyokuwa ndani ya filamu, na mimi sina haja ya kuyatetea yote. Ila waliyoyapinga huku wao wakienda sinema kila jioni walikuwa na tabu ya kueleza.

Tabu hiyo bado ipo. Mzee mmoja, mtu wa swala tano na ninayemheshimu, alinifuata baada ya kipindi akaniomba: "Ustadh, zungumza na binti zangu, simu zinawaharibu." Nikamwambia, "Inshaallah mzee wangu, nitazungumza nao. Na yule kaka yao?" Akasema kaka yao ni mwanamume, anajua mambo yake. Nikamuuliza kama anajua kwamba kijana anabeti. Alinyamaza kidogo, akaniambia tutaongea siku nyingine, akaaga. Hatujaongea bado.