Mkuki wa Sauli, kiti cha Bob Knight



Novemba imeingia, na parokiani bahasha za kuwaombea marehemu zimeshagawiwa. Kila mwaka nikiishika ile bahasha namkumbuka mtu ambaye sikuwahi kukutana naye hata siku moja, kocha wa mpira wa kikapu wa Marekani aitwaye Bob Knight. Nimekuwa nikiahirisha kuwasimulia. Leo nasimulia kwa sababu kuna ujumbe kwenye simu yangu ambao una siku tisa sijaujibu, nitaufikia mbele.

Mwaka 2023 nilikuwa nasoma Bloomington, jimbo la Indiana. Ukikaa kule wiki moja tu unaelewa kwamba kikapu si mchezo wa kupitisha muda. Ni kama Simba na Yanga kwetu, tena pengine zaidi, maana kule bibi wa miaka themanini anakumbuka nani alifunga dakika ya mwisho mwaka fulani. Na jina linalotajwa kuliko yote ni la Knight, aliyefundisha timu ya Chuo Kikuu cha Indiana kuanzia 1971 hadi 2000. Alifariki pale pale mjini, tarehe 1 Novemba 2023, Sikukuu ya Watakatifu Wote. Nilikuwa nimetoka kwenye Misa ya jioni nilipoisikia habari. Jamani, nilicheka kidogo, Mungu anisamehe. Siku ya watakatifu wote, na mtu mwenyewe ndiye huyo!

Kesho yake, siku ya Marehemu Wote, nilirudi kanisani. Karibu na altare kulikuwa na kitabu kikubwa ambacho waamini waliandika majina ya marehemu wao ili waombewe mwezi mzima. Baada ya Misa tukapanga foleni. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja ninayemfahamu, amevaa koti jekundu la timu. Akaandika jina la mkewe, la kaka yake, halafu nikaona anaandika: Bob Knight.

Mama aliyesimama nyuma yangu, mwalimu mstaafu, akauliza kwa sauti iliyotulia sana, "Na huyo naye?"

Basi likaanza. Walihamia pembeni, nami nikawafuata, maana sikutaka kukosa. (Ndiyo, nilipitwa kwenye foleni.)

Mzee alikuwa na hoja zake tayari, utadhani alizikariri. Ubingwa wa taifa mara tatu, 1976, 1981 na 1987. Ile timu ya 1976 ilicheza mechi 32 ikashinda zote 32, na tangu hapo hadi siku ile tuliyokuwa tukizungumza hakuna bingwa mwingine wa vyuo kwa wanaume aliyemaliza msimu bila kufungwa. Medali ya dhahabu ya Olimpiki, Los Angeles 1984. Ushindi 902 katika maisha yake ya ukocha. Wachezaji waliokaa naye miaka yote minne walihitimu masomo, karibu wote. Na Landon Turner, kijana aliyepooza baada ya ajali ya gari miezi michache tu baada ya ubingwa wa 1981: Knight ndiye aliyeongoza kumchangishia fedha. Alipomtaja Turner sauti ya mzee ilikatika.

Mama hakubisha hata kimoja. Akasema tu, "Na Neil Reed?"

Kwa msiomjua: Reed alikuwa mchezaji wa Knight miaka ya tisini. Mwaka 2000 televisheni ya CNN ilionyesha mkanda wa mazoezi ya 1997, na kwenye mkanda huo unaona mkono wa kocha umeshika shingo ya yule kijana. Na hilo halikuwa la kwanza. Februari 1985, katika mechi dhidi ya Purdue, Knight alikasirikia waamuzi akanyanyua kiti chekundu cha plastiki akakirusha uwanjani. Adhabu yake ilikuwa kukosa mechi moja. Mechi moja! Watu wakacheka, kiti kikawa utani, kikachapwa kwenye fulana. Mama akasema maneno ambayo nimekuwa nikiyatafakari tangu siku ile: kwamba mji mzima ulicheka kuhusu kiti, kwa hiyo ilipofika zamu ya shingo ya mtoto wa mtu hakuna aliyekuwa na uso wa kushangaa.

Kulikuwa na kijana wa tatu, mwanafunzi, ambaye aliingilia akasema kwamba kwa umri wake Knight ni ile video ya kiti tu, na anashangaa watu wazima wanagombana. Wote wawili wakamtazama. Akanyamaza.

Kisha wakahamia kwenye swali ambalo mashabiki wa kule hawachoki nalo: alianza kuporomoka lini? Mzee alisema baada ya 1994, kwa sababu kuanzia 1995 hadi 2000 timu haikuvuka raundi ya pili ya mashindano ya taifa hata mara moja. Vijana wenye vipaji hawakutaka tena kwenda kufokewa. Mama akasema hapana, aliporomoka zamani sana, akiwa bado anashinda.

Mimi hapo namuunga mkono mama, na nitasema kwa nini. Nilipokuwa nawasikiliza nilikuwa namwona Mfalme Sauli.

Chukua Kitabu cha Kwanza cha Samweli ukisome polepole. Sauli anaanza vizuri mno. Mrefu kuliko wote, mnyenyekevu hadi anajificha siku ya kutangazwa mfalme. Katika sura ya 11 watu wa mji wa Yabeshi Gileadi wamezingirwa na adui anayetaka kumng'oa kila mmoja wao jicho la kulia, na Sauli anakwenda kuwaokoa. Shujaa wa kweli. Lakini ukifika sura ya 18 yule yule amekaa na mkuki mkononi, na anamrushia Daudi, kijana anayempigia kinubi. Sura ya 19, anarusha tena. Sura ya 20, anamrushia mwanawe mwenyewe, Yonathani. Na ufalme bado anao! Jeshi linamtii, chakula kinaletwa mezani kwa wakati. Ukiangalia matokeo tu huwezi kujua kwamba mtu ameshaanguka.

Tofauti ya Sauli na Daudi haiko kwenye ukubwa wa dhambi. Daudi alizini na akamuua mume wa mwanamke yule, dhambi ambayo kwa mizani yangu mimi ni nzito kuliko mkuki uliokosa shabaha. Lakini nabii Nathani alipoingia na kumwambia ukweli usoni, Daudi aliinama. Sauli alipoambiwa na Samweli alijitetea, akawasingizia watu wake, mwishoni akaomba aheshimiwe mbele ya wazee. Kocha anayeshinda hupata shida hiyo hiyo. Nani atamwambia? Chuo kilivumilia miaka mingi. Mei 2000 ndipo rais wa chuo, Myles Brand, alipotangaza kwamba kosa lolote jingine halitavumiliwa, na Septemba mwaka huo huo mwanafunzi mmoja alimsalimia kocha kwa jina la ukoo tu, kocha akamshika mkono kumfundisha adabu. Akafukuzwa kazi. Wanafunzi kwa maelfu waliandamana hadi nyumbani kwa rais wa chuo. Yule mwanafunzi akapokea vitisho.

Na Knight akakasirika kwa miaka ishirini. Walimwita mara kadhaa aje aheshimiwe, akakataa. Mwaka 2017, Brand akiwa ameshafariki zaidi ya miaka saba, Knight alisema hadharani kuhusu wale waliomfukuza kwamba anatumaini wamekufa wote. Hebu fikiria kuibeba hasira hiyo ukiwa na zaidi ya miaka sabini.

Lakini alirudi. Tarehe 8 Februari 2020, wakati wa mapumziko ya mechi dhidi ya Purdue wale wale, aliingia uwanjani akizungukwa na wachezaji wake wa zamani. Alikuwa mzee, mdhaifu, kumbukumbu imeanza kumpotea, na wale wanaume waliofokewa naye ujanani walikuwa wamemshika. Mzee wangu wa koti jekundu alikuwepo siku hiyo. Anasema alilia hadi akaona aibu.

Nilipoisikia habari hiyo niliwakumbuka tena watu wa Yabeshi Gileadi. Mnajua walichofanya mwishoni? Sauli anakufa vibaya mlimani Gilboa, na maiti yake inatundikwa ukutani na Wafilisti. Miaka mingi imepita tangu awaokoe, na katikati ya miaka hiyo ameharibu mengi. Wanatembea usiku kucha, wanaishusha maiti, wanaizika mifupa, wanafunga siku saba. Walikuwa bado na macho yao yote mawili, na walijua kwa nini.

Na Daudi je, aliyerushiwa mkuki? Anamlilia Sauli. Katika wimbo wake wa maombolezo hautaji mkuki hata kidogo. Mwanzoni hili lilinisumbua, nikaona kama anaficha. Baadaye nikagundua kwamba Daudi hautaji lakini Biblia inautaja, tena mara tatu, kwa yeyote atakayesoma hadi mwisho wa dunia. Yaani maombolezo hayakufuta kumbukumbu za uovu, na kumbukumbu hizo hazikuzuia maombolezo.

Kanisa letu linafanya hivyo hivyo, ila huwa hatulitambui. Linatangaza watakatifu kwa majina, lakini halijawahi kutangaza jina la mtu yeyote kwamba yuko motoni. Na wengi wetu tunadhani kumwombea marehemu ni kumsifu. Hapana, bwana! Soma 2 Wamakabayo 12. Yuda Mmakabayo anakuta askari wake waliouawa walikuwa wamevaa hirizi za miungu ya uongo chini ya nguo. Dhambi imeonekana wazi, imeandikwa. Anafanya nini? Anachangisha fedha na kuzipeleka Yerusalemu ili itolewe sadaka kwa ajili yao. Aliwaombea kwa sababu ya hirizi zile. Wangekuwa safi kabisa, mchango ungekuwa wa nini? Ukiandika jina kwenye bahasha ya Novemba unakubali kwamba mtu huyo anahitaji kutakaswa. Kwa hiyo jina la Knight kwenye kitabu kile halikuwa kura ya ndiyo.

Sikuwaambia haya yote siku ile, nilikuwa mgeni na Kiingereza changu kinanikimbia nikiwa na hisia. Nilisema kidogo tu habari ya hirizi. Mzee alitikisa kichwa kukubali. Mama hakusema kitu. Akarudi kwenye kitabu, akachukua kalamu, na chini ya jina la Bob Knight akaandika Neil Reed. Reed alikuwa amefariki mwaka 2012, ana miaka 36 tu, akiwa mwalimu na kocha wa shule ya sekondari huko California. Mzee alilitazama jina lile kwa muda mrefu. Hakulipinga.

Sasa ule ujumbe.

Sekondari na mimi nilicheza kikapu. Kocha wetu, simtaji jina wala shule, alinifundisha kila kitu ninachokijua: kutoa pasi kabla sijaombwa, kukimbia bila mpira, kutolalamikia waamuzi. Muhula mmoja ada iliposhindikana nyumbani yeye ndiye aliyezungumza na ofisi, na nadhani alitoa fedha zake. Na ndiye aliyenizaba kofi mbele ya shule nzima siku niliyokosa goli la wazi chini ya ringi kwenye fainali. Akaniita jina moja ambalo wenzangu walilitumia hadi kidato cha sita. Nimewahi kulipeleka kofi hilo kwenye kitubio, maana chuki niliyokuwa nayo ilikuwa yangu, si yake.

Siku tisa zilizopita rafiki yangu aliniandikia kwamba kocha amepata kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi, tunachangishana matibabu. Wenzetu wamegawanyika. Wapo waliotoa siku hiyo hiyo na kumwita baba. Mmoja alijibu kwamba hatoi hata senti, na ninajua alichofanyiwa, kwa hiyo tafadhali asije mtu akamhubiria makala hii. Mimi nilisoma, nikafunga simu. Nina mdomo wa kuwaelezea Wamarekani habari za Wamakabayo, lakini kidole cha kutuma mchango kikagoma.

Jana usiku niliijaza bahasha ya marehemu. Babu, bibi, shangazi. Knight na Reed, kama kila mwaka. Nikajikuta nimefika mstari wa mwisho na kalamu iko hewani, na jina lililokuwa linakuja ni la mtu ambaye bado anapumua, kilomita arobaini kutoka hapa.

Nimetuma mchango leo asubuhi, na Jumamosi naenda kumwona. Nitabeba machungwa. Nataka kumshukuru kwa ile ada, na nataka pia kumwambia habari ya kofi, kama bado anaweza kunisikia vizuri. Sijaamua nianze na lipi.