Je, Ni Haki Kumdai Jasho Mtoto Maskini?

Mwaka 1987 huko Mathare, Nairobi, kilianzishwa chama cha michezo ya vijana, MYSA. Utaratibu wake ni wa ajabu kidogo: timu ikitoka kuzoa taka na kuzibua mitaro hupata pointi za ligi, kama ilivyo kwa ile iliyoshinda uwanjani. Mathare United, iliyotokana na chama hicho, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008.

Lakini je, ni haki mtoto maskini kutoa jasho kwa ajili ya mpira ambao mtoto wa tajiri huucheza bure? Zamani ningesema si haki; taka zile hakuzileta yeye. Hata hivyo, sisi huwapa vijana wetu nguo kuukuu na hotuba (hotuba hasa!), wala hatuwaombi kitu. Asiyeombwa kitu hujiona hana kitu. Lakini aliyezibua mtaro wa jirani, jirani humjua kwa jina.

Basi na waombwe, ila watu wazima tushike koleo pamoja nao. Vijana wetu walipozibua mtaro wa kanisa, mimi nilikuwa miongoni mwa wazee waliokaa kivulini.