Ushuhuda Uliokatwa



Kijana wetu wa kinanda hupenda kusikiliza wapiga piano wa ng'ambo kwa simu, ili ajifunze vidole. Juzi baada ya maombi ya Ijumaa akaniambia, "Pasta, hebu sikiza huyu mzee." Muziki wa namna ile hunitia usingizi, nakiri, lakini habari yake imeninyima usingizi wiki nzima.

Mzee mwenyewe ni Vladimir Horowitz, mzaliwa wa Kiev. Alikuwa na jina kubwa duniani, kisha akakaa miaka 12 bila kupiga mbele ya watu. Tarehe 9 Mei 1965 akarudi jukwaani, Carnegie Hall, New York. Watu walipanga foleni usiku kucha kutafuta tiketi. Akaketi, akaanza na Bach, na mwanzoni tu vidole vikateleza. Akaendelea. Yote yalirekodiwa, na santuri ikauzwa kama rekodi ya siku ile. Kumbe baadhi ya sehemu zilizoteleza zilikuwa zimerekebishwa. Ile ambayo haikuguswa ilitolewa 2003, na mwenyewe alifariki 1989.

Je, huo ni uongo? Kijana anamtetea: kosa la jukwaani hupita mara moja, lakini kwa santuri utalisikia kila siku mpaka likuchome. Hapo ana haki. Kurekebisha kazi yako si dhambi.

Lakini someni Matendo 5. Shamba lilikuwa la Anania, na hata baada ya kuliuza pesa zilikuwa zake. Petro hakumlaumu kwa kuzuia sehemu. Angesema tu, "Hii ni nusu," angerudi nyumbani salama kwa chakula cha jioni. Shida ni kwamba alileta sehemu akaiita yote. Na huyu mzee, si uzito wa siku ile ulikuwa hapo hapo, kwamba mtu aliyekaa kando miaka 12 alitoka, akateleza, na hakukimbia? Ukisafisha mtelezo, umemwondolea msikilizaji kitu ambacho kingemtia moyo.

Sasa nije kwangu, maana ndiko kunakouma. Mwezi uliopita dada mmoja alishuhudia hapa vile Bwana amemwinua kutoka kitandani. Katikati akasema bado anameza vidonge vya presha kila asubuhi. Vijana wa mitambo wakaniuliza, nami nikasema hapo pakatwe, ati ushuhuda utoke na nguvu. Tukausambaza kwa WhatsApp. Wiki iliyopita mama wa Ndavaya akanipigia: "Pasta, nimesikia huyo dada kaponywa. Na mimi nikitupa vidonge, si itakuwa ndiyo imani?"

Nilimwambia asiache hata kimoja, na arudi kliniki tarehe yake ikifika. Lakini wangapi hawakupiga simu?

Nikaenda kwa yule dada kuomba msamaha. Akanitazama, akasema, "Mimi nilisema yote, pasta. Nyinyi ndio mlioona Mungu aaibika na vidonge vyangu." Sikuwa na jibu.

Jumapili hii tutausikiza ushuhuda wote, dakika tisa, vidonge vikiwemo. Kila aliyesambaza ule mfupi naomba awatumie watu wale wale huu mrefu, na kama kuna aliyeacha dawa, aje anione hata leo usiku.