Sahani ya pili ni ya nani?

Noeli imekaribia, na Bonane inafuata nyuma yake. Kwaya zinafanya mazoezi hadi giza linaingia, na akina mama wameanza kuweka pesa kidogo kidogo za mchele na nyama. Katika siku hizi tumeona vema tufikiri pamoja juu ya jambo ambalo wengi huona si jambo la kanisa, nalo ni kula kupita kiasi wakati wa sikukuu.

Tunajua wapo watakaocheka. Watasema, "Sisi wakimbizi ndio tuogope kunenepa?" Swali hilo ni la haki. Hapa Uganda mgao wa PAM ulipunguzwa mwaka 2020 ukawa asilimia 70, na mwaka 2021 ukawa asilimia 60. Mwaka 2023 familia ziligawanywa katika makundi, na zipo zilizoondolewa kabisa. Mtu wa familia ya namna hiyo tukimwambia ajizuie siku ya Noeli, tutakuwa tumetenda ukatili. Huyo apate, ale, ashibe.

Lakini kwenye benchi lile lile la kanisa huketi pia mtu mwenye ugonjwa wa sukari, na mwenye presha. Noeli iliyopita mama mmoja wa kwetu, mgonjwa wa sukari, alitembelea nyumba nne baada ya ibada. Kila nyumba ilimwekea wali au bukari, na soda juu yake. Kila nyumba alisema, "Kidogo tu, mama." Kila nyumba alijibiwa, "Mama, unadharau chakula changu?" Basi akala. Chupa moja ya soda ya mililita 300 huwa na sukari karibu vijiko 8 vya chai. Chupa nne ni vijiko zaidi ya 30. Usiku ule watoto wake walikimbia huku na huku wakitafuta pikipiki ya kumfikisha kituo cha afya. Alipona, Bwana asifiwe. Lakini sisi tuliompakulia tulibaki na swali: tulimpenda kweli, ilikuwaje basi upendo wetu ukamlaza kitandani?

Tukijichunguza, tunaona sababu yake. Wengi wetu tulipita njia ambayo hapakuwa na chakula. Aliyepata muhogo mmoja aliukata vipande sita. Toka siku zile tumejifunza kupima upendo kwa shibe. Tukimwambia mtu "umenona," tunamsifu, maana yake Mungu amemtendea mema. Aliyekonda tunamuuliza ana shida gani. Ndugu zetu waliohamishiwa Marekani wanapotupigia simu na kusema kwamba huko watu huogopa kilo za sikukuu, tunaona ni maneno ya walioshiba. Hata hivyo kuna somo. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2000 uliwapima watu wazima 195, ukaona kwamba kipindi cha sikukuu kiliwaongezea, kwa wastani, chini ya nusu kilo. Ni kidogo sana. Ila baada ya sikukuu uzito huo haukuondoka; ulibaki mwilini ukingoja wa mwaka unaofuata. Sisi husahau tulichokula Noeli. Mwili hausahau.

Je, basi, kukataa chakula ni kukosa upendo? Tunajibu kwamba inategemea mtu anakataa nini. Yupo anayekataa chakula kwa sababu anamdharau mpishi: anaangalia sombe ya jirani na kukunja uso. Huyo amemkataa mtu, na sahani ni kisingizio tu. Yupo mwingine anayesema "nimetosheka, mama," kisha anakaa, anazungumza, anawabeba watoto, na mwisho anainuka kusaidia kuosha masufuria. Huyo amekataa sahani, lakini mwenye nyumba amempokea kwa mikono miwili. Danieli na wenzake waliomba mboga na maji mbele ya meza ya mfalme, wala hawakumtukana mfalme.

Na yule anayekula kwa aibu, huku akijua chakula kitamdhuru, tusimsifu kwamba ana adabu. "Ndiyo" yake si ya kweli, na gharama yake wanailipa watoto usiku. Lakini kosa kubwa zaidi ni letu sisi tunaomlazimisha. Tunapomshika mgeni mkono na kumwongezea kwa nguvu, mara nyingi hatutafuti heri yake. Tunatafuta sifa ya nyumba yetu.

Tusidhani kwamba Maandiko yanachukia karamu. Bwana wetu alihudhuria arusi ya Kana, na divai ilipokwisha hakuwaambia watu waende nyumbani. Katika Nehemia sura ya 8, watu waliokuwa wakilia waliposikia Sheria ikisomwa waliambiwa wasihuzunike, bali wale vinono na kunywa vitamu. Lakini agizo halikuishia hapo. Waliambiwa pia wawapelekee sehemu wale ambao hawakuandaliwa kitu. Majirani zetu Waethiopia wa Kanisa la Orthodox hufunga zaidi ya siku 40 kabla ya Noeli yao ya tarehe 7 Januari, kisha hufurahi na kula. Kufunga na karamu ni ndugu, wala havigombani.

Hapo ndipo tunapopata jibu. Sahani ya kwanza ni ya mgeni, kwa furaha yote. Sahani ya pili, ile tunayomlazimishia aliyekwisha kushiba, ina mwenyewe. Mwenyewe ni yule mzee wa mwisho wa kijiji aliyeondolewa kwenye mgao, au mjane aliyefunga mlango ili watoto wake wasisikie harufu ya nyama ya jirani.

Basi mwaka huu, mgeni akisema "nimeshiba," tumwamini. Tumwekee maji safi pamoja na soda, achague mwenyewe bila kuulizwa sababu. Sahani ya pili tuifunike kwa kitambaa, tumpe mtoto aipeleke ng'ambo ya barabara kabla haijapoa.

Tunawatakia Noeli njema na Bonane ya amani. Mungu awabariki.