Uzi wa Saba

Kuna swali ambalo limenikaa kooni kwa miezi kadhaa sasa, nami nimeona afadhali niliandike hapa kuliko kuendelea kuwachosha marafiki zangu nalo. Swali lenyewe ni hili: mtu akinunua kitu kwa bei ya kutupa kwa sababu yeye anajua thamani yake na muuzaji haijui, je, amekosa? Ndugu msomaji, usiharakishe kujibu. Hata mimi nilikuwa na jibu la haraka, tena tamu, mpaka nilipoligeuza upande wa pili.

Kisa chenyewe ni cha gitaa.

Mimi napiga metali. Najua wengine mmeshaanza kucheka. Mama yangu husema muziki huo ni kama mashine ya posho iliyomeza kijiko. Lakini Nairobi hii ina vijana wake wa metali, na si wa kubahatisha: mwaka 2020 kundi la Duma, la hapa hapa Nairobi, lilitoa albamu kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na watu wa mbali wakageuza shingo kusikiliza. Basi, kwa miaka mitatu nilikuwa natafuta gitaa la umeme la nyuzi saba. Gitaa la kawaida lina nyuzi sita. Ule wa saba huongezwa upande wa sauti nene, na kwa kawaida hukazwa kwenye B. Kwa hesabu, uzi mnene wa gitaa la kawaida, yaani E, hutetemeka mara 82 hivi kwa sekunde. Hiyo B hutetemeka mara 62 hivi. Kwenye karatasi tofauti hiyo ni kama si kitu. Ipitishe kwenye amplifaya yenye mkwaruzo, utaisikia kifuani kabla haijafika masikioni.

Shida ilikuwa pesa. Gitaa jipya la namna hiyo, lile la chini kabisa lenye jina la kuaminika, huko ng'ambo ni kama dola 250 au 300, na hapo hujaongeza nauli wala ushuru. Mimi kibarua changu ni cha duka la kupiga chapa. Nilikuwa na elfu tisa mfukoni, nazo nilizikusanya kwa kula chapati na chai mchana, siku baada ya siku.

Jumamosi moja nikapita kichochoro fulani nyuma ya Luthuli Avenue, kwa mzee auzaye redio, spika na amplifaya za mitumba. Juu, katikati ya nyaya, lilikuwa limening'inia gitaa jeusi lenye vumbi. Nyuzi zilikuwa zimebaki tatu tu. Lakini mimi sikuhesabu nyuzi; nilihesabu funguo za kukazia. Saba, zote upande mmoja. Moyo ukaruka, uso nikauzuia.

Mzee akaliteremsha. Lilikuwa Ibanez. Nyuma yake namba ilianza na F99: F ni kiwanda cha FujiGen kule Japani, 99 ni mwaka 1999. Nikaangalia shingo kwa jicho moja, kama fundi anavyoangalia ubao, ilikuwa imenyooka. Tukaliunganisha kwenye amplifaya, pikapu zote mbili zikalia. Gitaa la aina hii, hata lililochakaa, huko nje huuzwa dola mia kadhaa.

"Hii ni ngapi, mzee?" nikauliza kama mtu asiye na haja.

"Hiyo? Elfu kumi na mbili."

"Aa, mzee! Nyuzi tatu na vumbi kilo mbili?"

Akacheka. Nami nikacheka. Hapo bado tulikuwa kwenye mchezo ambao kila mtu wa Nairobi anaujua. Kisha akaligeuza lile gitaa, akalitazama kwa muda, akasema kwa sauti nyingine kabisa: "Vijana wa kanisa walikuja hapa wakahesabu hizi funguo, wakacheka. Fundi mmoja akaniambia hii ilikosewa huko kiwandani, ati iko na ufunguo wa ziada, kama mtoto wa vidole sita. Wewe naona unajua haya mambo. Ni kweli ilikosewa?"

Nikamjibu, "Ee, mzee. Ilikosewa. Lakini nitaona vile nitairekebisha."

Nikaondoka nalo kwa elfu saba na mia tano.

Hebu nikuambie nilichokuwa nacho kichwani wakati nikisema maneno yale. Nilijua kwamba Warusi walikuwa na gitaa la nyuzi saba tangu karne ya 19. Nilijua kwamba George Van Eps, mpiga jazi wa Marekani, alipiga gitaa la nyuzi saba tangu miaka ya 1930. Nilijua kwamba mwaka 1990 Ibanez walitoa gitaa lao liitwalo Universe pamoja na Steve Vai, na kwamba mwaka 1994 Korn walitoa albamu yao ya kwanza, wapiga gitaa wote wawili wakiwa na nyuzi saba, tena wamezishusha mpaka A, na baada ya hapo vijana dunia nzima wakaanza kutafuta uzi wa saba. Hayo yote nilikuwa nayo. Na nikasema, "Ilikosewa."

Wiki ya kwanza sikusikia kitu. Nilikuwa nimelewa ile B. Wiki ya pili, kila nilipolichukua gitaa nikaanza kujitetea, na hakuna aliyekuwa amenishtaki.

Utetezi wa kwanza ulikuwa wa wahenga: mwenye macho haambiwi tazama. Namba ya kiwanda ilikuwepo, jina lilikuwepo, mzee mwenyewe amekaa nalo miezi. Kama hakutaka kujua, kosa ni langu?

Utetezi wa pili ulikuwa wa jasho. Ujuzi wangu sikuuokota barabarani. Niliulipia kwa usiku mwingi wa kusoma na kusikiliza. Daktari hulipwa kwa anachokijua, wakili vivyo hivyo. Mbona mimi ujuzi wangu niugawe bure?

Utetezi wa tatu ndio niliouona mzito zaidi. Thamani ya kitu iko wapi, kwenye mbao au kwenye kichwa cha anayeitaka? Nairobi nzima, watu wa kununua gitaa la nyuzi saba pengine wanatosha matatu moja. Nisingepita mimi siku ile, lingekaa pale likioza na waya za redio. Kwa hiyo bei yake halali ilikuwa ngapi? Elfu kumi na mbili? Hamsini? Hakuna ajuaye. Na kama bei halali haijulikani, nimeiba nini?

Rafiki yangu mmoja anayesoma sheria alipoyasikia haya akapiga meza. "Bwana wee, kesi yako ulishinda tangu 1817!" Akanisimulia habari ya mfanyabiashara aitwaye Organ. Mwaka 1815, kule New Orleans, Marekani ilikuwa imetoka vitani na Uingereza, lakini habari za mkataba wa amani zilikuwa hazijaenea mjini. Organ alizipata mapema asubuhi moja. Akakimbia kwa akina Laidlaw, akanunua mapipa 111 ya tumbaku kabla mji haujaamka. Habari zilipotoka, bei ikapanda kwa asilimia 30 mpaka 50. Wauzaji wakaja juu, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Jaji Mkuu John Marshall akasema mnunuzi hawajibiki kumfungulia muuzaji kila anachokijua kuhusu hali ya soko. "Kimya si kosa," akamaliza rafiki yangu, na chai nikamlipia mimi.

Ningeishia hapo ningelala vizuri. Bahati mbaya nikaitafuta ile hukumu nikaisoma mwenyewe. Ni fupi sana, na ina mambo mawili ambayo rafiki yangu aliyaruka. La kwanza: Marshall aliongeza kwamba pamoja na hayo, kila upande ujihadhari usiseme wala kutenda neno la kumlaghai mwenzake, na kesi ikarudishwa ikasikilizwe upya ili baraza la wazee wa mahakama liamue kama ulaghai ulikuwepo. La pili ndilo lililonikalisha chini. Kabla ya mauzo, mtu wa akina Laidlaw alimuuliza Organ kama kuna habari yoyote inayoweza kuongeza thamani ya ile tumbaku.

Alimuuliza!

Organ alinyamaza, na hata huko kunyamaza mbele ya swali kukawa na mashaka. Mimi sikunyamaza. Mimi nilijibu. Na habari za Organ zilikuwa za nje ya tumbaku, habari za vita na meli. Zangu zilikuwa za kitu chenyewe kilicholala mikononi mwa mzee. Kwa hiyo hata kwenye sheria ile iliyo pole kabisa kwa wanunuzi, mimi sina pa kujificha.

Hapo ndipo nilipoona kwamba swali nililoanza nalo halikuwa swali langu. Nilikuwa nikiuliza kama ni halali kunyamaza, na kumbe sikunyamaza. Nilikuwa nikibishana juu ya bei, na bei kweli ina utata mpaka kesho. Lakini "Ni kweli ilikosewa?" halikuwa na utata wowote. Jibu lake lilikuwa "hapana," silabi tatu.

Wengine watasema: bana, si sokoni kila mtu anadanganya? Muuzaji anasema mke wake atamfukuza akipunguza tena, mnunuzi anasema mfukoni ana mia tano tu. Kweli. Mimi mwenyewe nilianza na vumbi kilo mbili. Lakini yale maneno hayamdanganyi mtu, kwa sababu wote wawili wanajua ni mchezo. Ni kama mieleka, unamwangusha mwenzako kwa ruhusa yake. Yule mzee alipobadilisha sauti alitoka uwanjani. Aliacha kuwa muuzaji kwa dakika moja, akawa mtu asiyejua anayemuuliza mtu anayejua. Nami nikampiga mwereka akiwa amesimama pembeni.

Kuna watu waliofanya makubwa zaidi. Cicero, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 K.K., anamtaja Mrumi aitwaye Scaevola aliyetaka kununua shamba. Muuzaji alipotaja bei, Scaevola akasema yeye analiona lina thamani zaidi, akaongeza sesterti 100,000. Cicero anaeleza kwamba hakuna aliyekana kuwa hilo ni tendo la mtu mwema. Walichokana ni kuwa ni la mtu mwenye akili! Waislamu nao husimulia habari za sahaba Jarir bin Abdullah, aliyeletewa farasi wa dirhamu 300, naye akapandisha bei yeye mwenyewe mpaka 800, kwa kuwa alikuwa ameahidi kumtakia mema kila Mwislamu.

Sitasema nilipaswa kuwa Scaevola. Scaevola alikuwa na sesterti za kuongeza. Mimi nilikuwa na elfu tisa. Na hapa nataka niwe mkweli, kwa sababu wengi wetu tunaosoma gazeti hili tuna mifuko inayofanana. Umaskini wangu ulinipa haki ya kuomba bei ipunguzwe, hata kumsihi mzee. Ningeweza kusema: "Haikukosewa, mzee. Ndivyo ilivyoundwa, na ni nzuri kuliko unavyodhani. Lakini mimi nina elfu tisa tu." Pengine angeniuzia. Pengine angelirudisha juu kwenye nyaya, nami nikarudi Eastlands na nyuzi zangu sita. Hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya ukweli siku ile: si shilingi, bali kukubali kwamba huenda nikalikosa. Ndiyo bei niliyoikwepa. Tunapenda kusema tumepata kitu kwa bei nafuu. Ni nadra kuuliza nafuu hiyo ameitoa nani.

Mwezi uliopita nilirudi kwa mzee na elfu tano. Nikamweleza yote, za Warusi, za Japani, za F99. Alisikiliza huku akifunga skrubu za redio moja kuukuu. Nikategemea atakasirika, au atacheka aseme, "Kijana wangu, una moyo." Hakufanya lolote kati ya hayo. Alizipokea zile noti, akazihesabu mara mbili, akazitia mfukoni mwa koti. Kisha akanitazama.

"Hizi nimepokea," akasema. "Lakini mimi nilikuuliza."

Akarudia skrubu zake.

Kuuliza si ujinga, tulifundishwa tukiwa wadogo. Sikumbuki tukifundishwa lolote juu ya yule anayeulizwa. Gitaa bado ninalo, na ile B bado inanitetemesha kifua. Nikipita kichochoro kile humwamkia mzee, naye huitikia, "Marahaba." Hajaniuliza kitu tena.