Ishara ya Bandia

Mwenye kupepeta mchele huujua mchele na huzijua pumba. Ungo wake hauna shaka. Mwenye kuchuja kelele ili aipate ishara hakujaliwa bahati hiyo, maana aghalabu anachokitafuta hajapata kukiona, na anachokitupa yamkini ndicho.

Hiyo ndiyo ilikuwa hali ya wataalamu wa LIGO, Marekani, waliokuwa wakiyavizia mawimbi ya mvutano aliyoyabashiri Einstein mwaka 1916. Vyombo vyao viwili, kimoja Hanford na cha pili Livingston, vina mikono yenye urefu wa kilomita 4, na miale ya leza hupima badiliko la urefu huo lililo dogo kuliko kiini cha atomu. Chombo chenye sikio kali namna hiyo husikia kila kitu: lori barabarani, bahari ya mbali, hata joto la vioo vyake chenyewe. Chujio lao hulinganisha vipimo na umbo la wimbi lililokwisha kukokotolewa. Lakini kelele ikisikilizwa siku nyingi huweza, kwa sadfa tupu, kufanana na umbo hilo. Na mwenye shauku haoni sadfa, huona matumaini yake.

Kwa sababu hiyo watu wachache waliopewa idhini walivisukuma vioo kwa siri, kana kwamba wimbi limepita. Ishara ilionekana tarehe 16 Septemba 2010. Wenzao waliichunguza kwa miezi, wakaiandikia makala, na tarehe 14 Machi 2011, huko Arcadia, California, bahasha ikafunguliwa: ishara ilikuwa bandia.

Je, walidhulumiwa? Husemwa kuwa hapana, kwa kuwa wote walijua tangu mwanzo kwamba jambo hilo laweza kutendwa. Jibu hili ni kweli, lakini ni jepesi. Ridhaa hairudishi nusu mwaka wa kazi ya mtu. Kinachoutofautisha uwongo huu na ulaghai ni bahasha yenyewe: ungamo lilikwisha kuandikwa kabla ya swali kuulizwa. Mlaghai huomba asigunduliwe. Hawa walitaka wagunduliwe, kisha wakiri. Tena uwongo huo uliinyima furaha kiti cha hakimu, kwani kila aliyetaka kushangilia alilazimika kukumbuka kuwa huenda mkono wa mwenzake umo.

Hata hivyo, deni la imani lilibaki, nalo lilidaiwa tarehe 14 Septemba 2015. Siku hiyo vyombo vyote viwili vilitikisika kwa wimbi wazi kupita matarajio, na miongoni mwa maswali ya kwanza hayakukosekana haya: nani ameliweka? Wenye idhini waliulizwa, wakakana. Kumbukumbu za mitambo zilipekuliwa kutafuta mkono wa binadamu, wa ruhusa au wa hila. Tangazo halikutolewa hadi tarehe 11 Februari 2016. Safari hii hapakuwa na bahasha ya kufungua.