RAMADHANI 17: Unamwamini? Mkague



Saa hizi za adhuhuri koo limekauka, umeingia bafuni kutia udhu. Maji yako mkononi, mlango umeufunga. Ukimeza funda moja hakuna atakayejua, na humezi. Ndiyo maana wengi wetu tunaamini kwamba mtu wa swala tano na funga, ukishampa sanduku la fedha, hupaswi kumuuliza tena. Ukimuuliza umemvunjia heshima.

Hebu tulitazame hilo leo, maana limekula fedha nyingi za vijiji na mitaa yetu na, tusifichane, za misikiti pia.

Kuna mji mdogo Marekani unaitwa Dixon, jimbo la Illinois, wakazi kama 16,000. Mhasibu mkuu wa mji alikuwa mama mmoja, Rita Crundwell. Alianza kazi pale tangu yuko sekondari, kila mtu anamjua. Mwaka 1990 alifungua akaunti ya benki kwa jina la mji, ila kuitumia akaitumia yeye tu. Kwa miaka zaidi ya 20 alihamishia humo zaidi ya dola milioni 53, akitengeneza ankara za uongo zionekane zimetoka serikali ya jimbo. Mshahara wake ulikuwa kama dola 80,000 kwa mwaka, lakini alikuwa na farasi wa maonyesho kwa mamia! Watu waliwaona. Huku mji unabana matumizi, barabara zinachakaa, na madiwani wakiuliza mbona fedha hazitoshi, anayewajibu ni yeye yuleyule: jimbo limechelewesha mgao wetu.

Wakaguzi walikuwepo, tena walikuja kila mwaka na hesabu wakazipitisha. Kilichomkamatisha ni likizo. Mwaka 2011 alikuwa safarini muda mrefu, karani akashika kazi yake, akaiomba benki taarifa za akaunti zote za mji. Ikatokea akaunti moja ambayo karani hakuwahi kuisikia. Akampelekea meya, meya akawaita FBI. Februari 2013 yule mama akahukumiwa miaka 19 na miezi 7.

Miaka ishirini, na dawa ilikuwa mtu wa pili kutazama karatasi ya benki. Yeye ndiye aliyekuwa anaandika hundi, anaingiza vitabuni, anapokea barua za benki, kisha anawasomea madiwani hesabu. Kazi zote hizo mikononi mwa mtu mmoja, eti kwa sababu anaaminika.

Utasema, "Hao hawafungi, sisi tuna khofu ya Allah." Sawa. Basi niambie, aya ndefu kuliko zote kwenye Qur'ani inazungumzia nini? Ni Al-Baqara, aya ya 282, na inazungumzia kuandika deni na kuweka mashahidi. Wanaoambiwa waandike ni walioamini, siyo wezi. Na Mtume (s.a.w.) alimtuma Ibn Lutbiyya, sahaba, kukusanya zaka ya Banu Sulaym. Aliporudi alimfanyia hesabu. Ilipotokea sehemu ambayo yule bwana alisema hii nimepewa zawadi, Mtume akamuuliza kama angebaki nyumbani kwa wazazi wake zawadi hiyo ingemfuata, kisha akasimama akalisema mbele ya watu.

Kwa nini basi funga imeachwa bila mkaguzi, na zaka ikakaguliwa? Mimi naona hivi: ukila mchana kwa siri, umejidhulumu mwenyewe na utajuana na Mola wako. Ukila fedha ya zahanati, kuna mama mjamzito wa kijiji cha pili atakayekuta hakuna glovu. Huyo hakukubali kuwekwa rehani kwenye ucha Mungu wako. Haki yake inataka karatasi.

Na kumwacha mtu peke yake na fedha miaka nenda rudi siyo kumheshimu. Ada ya mtoto ipo, mgonjwa yupo, fedha iko mezani na haulizwi na mtu. Huo ni mtihani ambao sisi tumemtungia. Mimi nasema wanakamati waliokaa kimya wana sehemu yao ya dhambi.

Hapa kwetu Tanzania mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Mara ya mwisho umehudhuria lini? Taarifa za CAG zimetaja mara nyingi ushuru uliokusanywa kwa mashine za POS bila kufika benki, na "fedha mbichi" zilizotumiwa kabla ya kupelekwa. Nenda ukae, nyoosha mkono, uliza kwa adabu: mzee, taarifa ya benki iko wapi? Watakuona mkorofi. Vumilia, umefunga.

Na kama mweka hazina ni wewe, usingoje kuombwa. Ijumaa hii chukua daftari, risiti, na taarifa iliyotoka benki yenyewe (siyo uliyoichapa wewe nyumbani), mpe yule mjumbe wa kamati mwenye maswali mengi kuliko wote. Omba na sahihi ya pili kwenye kila malipo. Akikuudhi kwa maswali, mwonyeshe risiti.

Iftari njema.